Pavema ya Papa Sébastien

Tangu warudi kutoka kambi ya wakimbizi, kule karibu na uwanja wa ndege, Mama Geneviève alikuwa na sheria moja tu nyumbani kwake: mtu asikanyage kiganja.

Kiganja kilikuwa cha mume wake, Papa Sébastien, fundi wa kujenga ambaye mtaa wote wa Shari, mjini Bunia, ulimwita Masoni. Kila alipomaliza kupiga pavema ya sima, yaani sakafu ya saruji, katika nyumba ya mtu, kabla haijakauka, alipiga magoti karibu na mlango na kubandika mkono wake wa kuume, vidole vitano wazi. “Bengine banaandikaka jina,” alikuwa akisema. “Miye, mwenye kunitafuta anipe mukono.”

Nyumba yake mwenyewe haikuwa na pavema. Miaka kumi na nane ya ndoa aliwajengea watu, na yeye na mke wake na watoto wao wakalala juu ya udongo, chini ya mabati yenye kutu yaliyopondwa kutoka mapipa ya mafuta. Geneviève alimcheka: “Mushonaji anatembea uchi!” Naye alijibu, “Mwaka kesho, mama. Mwaka kesho.”

Mwaka kesho ulifika katikati ya vita. Mwezi wa tano, 2003, risasi zilipoanza kulia tangu alfajiri, Geneviève alishika watoto akakimbia nao. Sébastien alibaki alinde nyumba. “Nitafuata,” alisema. Hakufuata. Wiki tatu baadaye, siku waliyorudi, walikuta kaburi chini ya migomba, na ndani ya nyumba pavema mpya, laini kama sahani, na kile kiganja.

Majirani waliporudi mmoja mmoja, nyumba tatu za avenu yao zilikuwa wazi juu, hazina manjanja, mabati ya paa, hata moja. Waasi waliiba manjanja kila mahali Bunia, hilo halikumshangaza mtu. Lakini Muzee Honoré, ambaye miguu ilimkatalia kukimbia na ndiye aliyemzika Sébastien, alisema alichokiona: Masoni alipigwa risasi barabarani mchana, na kando yake manjanja mawili mapya. Neno likatoka hapo likatembea. Masoni alikuwa anafunua nyumba za watu. Nyumba alizojenga mwenyewe!

Pale kwenye chemchemi wanawake walimpisha Nadège, binti wa marehemu, kwa maneno. “Mupisheni mutoto wa manjanja, ajaze bidoni yake. Siye hatuna haraka, kwetu maji inaingia yenyewe toka juu.” Na wengine walicheka.

Nadège alijaza bidoni yake akaenda. Alikuwa mtoto wa kwanza, miaka kumi na saba. Aliacha masomo darasa la sita la primaire, na tangu hapo alimshikia baba yake kamba ya kupimia kwenye kazi. Alikuwa mtu wa kusema kidogo na kutazama sana. “Huyu anaona kosa ya nusu kidole,” Sébastien alijisifu mbele ya mafundi. Basi alitazama. Aliona kwamba kiganja hakikuwa karibu na mlango, bali ndani kabisa, karibu na ukuta wa nyuma. Akaona jambo la pili kila aliposugua nyumba: maji hayakutoka. Baba yake hakupiga pavema bila kuiinamisha kidogo kuelekea mlangoni. “Maji ndiyo mukubwa wa kazi,” alimfundisha. “Mwenye nyumba unaweza kumudanganya. Maji itakusema.” Hapa maji yalirudi nyuma, yakalala karibu na ukuta, marefu na membamba, kama mtu aliyenyooshwa. Nadège aliyakausha na kitambaa. Baba alikuwa na haraka, alijiambia. Risasi zilikuwa zinalia. Lakini hakuyaamini maneno hayo.

Mwezi wa tisa Geneviève aliamua kufanya matanga ambayo vita ilimnyima. Aliwasha moto uani, akapika sombe ya majani ya muhogo na maharagwe, akaita watu. Walikuja, kwa sababu matanga hayakataliwi, lakini walikaa mbali na moto, na nyimbo ziliimbwa kwa midomo tu.

Siku ya mwisho, mchana, kabla ya kuzima moto, Katekista Aaron alisimama na kuuliza lile linaloulizwa siku zote: “Mwenye neno na marehemu aseme sasa. Moto ukizimwa, neno limezikwa.” Kila mtu alijua upande wa pili wa desturi hiyo. Neno likisemwa na lisijibiwe, moto hauzimwi. Marehemu anabaki na neno lake, na watoto wanalibeba hadi waolewe nalo.

Katsuva alisimama. Alikuwa mfanyabiashara wa njia ya Komanda, na rafiki ya Sébastien tangu ujana, na nyumba yake ilikuwa moja ya zile tatu.

“Mama Geneviève, unisamehe,” alisema. “Nilikulaka kwako. Masoni nilimuita ndugu. Lakini mukubwa wangu wa tumbo moja angefanya vile, ningesema pia. Manjanja yangu ilikuwa vingt-deux, ishirini na mbili. Waasi wakiiba, wanavuta, wanapasua, mbao zinavunjika. Kwangu hata ubao moja haikuvunjika. Misumari yote imetolewa moja-moja. Nani hapa Shari anajua kutoa musumari bila kuumiza ubao? Semeni.”

Moto ulilia kidogo. Geneviève alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayenyeshewa.

Nadège alirudia maneno yale moyoni. Moja-moja. Mwizi hana saa ya kutoa msumari. Anayetoa msumari bila kuumiza ubao anataka ubao ule upigwe tena. Na yale maji yaliyolala karibu na ukuta: urefu wake alikuwa ameupima mara mia kwa macho, bila kujua anapima nini. Ulikuwa urefu wa manjanja moja.

Alisimama. “Mama, unipe ruhusa nivunje pavema.”

“Unasema nini?”

“Udongo umedidimia pale nyuma. Baba hapigi pavema juu ya udongo haujashindiliwa, ila kama alichimba pale kwa haraka. Alichimba akafukia, mama. Iko kitu chini.”

“Pale kwenye mukono wake?”

“Pale pale.”

Geneviève alimtazama binti yake. “Na kama hamuna kitu? Jina bamekwisha kutunyanganya. Nimebaki na mukono tu.”

Nadège angeweza kuapa, lakini hakuwa na hakika, na baba yake hakumfundisha kuapa. “Maji ndiyo inasema hivyo,” alijibu. “Miye sijui.”

Geneviève aliinuka, akaingia ndani, akapiga magoti, akaweka mkono wake ndani ya kile kiganja. Ulipotea humo kama mkono wa mtoto. “Umukate pembeni,” alisema. “Umutoe muzima.”

Nadège alileta nyundo na tindo ya baba yake. Watu walijaa mlangoni. Alichora mraba kuzunguka vidole, akapiga polepole, pigo dogo dogo, jasho likimdondoka juu ya sima. Karibu na mwisho ufa ulikimbia ukapita katika kidole kidogo. Geneviève alilia kwa sauti fupi, mara moja. Kile kipande kilitoka.

Chini yake palikuwa na udongo laini, kisha nyasi kavu, kisha tindo ililia juu ya chuma.

“Manjanja!” alisema mtu nyuma.

Wanaume walivua mashati, wakapanua shimo, wakachimba. Manjanja yalitoka yamepangwa kama vitabu. Kila moja lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu ya fundi jina la mwenye nyumba na mahali pake: *Hélène, jikoni, 4. Gustave, chumba, 9. Katsuva, mulango, 1. Katsuva, mulango, 2.* Kando yake palikuwa na mikebe ya maziwa, imejaa misumari iliyonyooshwa. Katsuva alihesabu yake bila kutazama mtu.

“Iko vingt, ishirini tu,” alisema. “Mbili inakosa.”

Hapo Muzee Honoré alisogea mbele. “Ile mbili niko najua. Hakukuwa mbao ya sanduku ya kumuzikia. Tulimufunika nayo, moja chini, moja juu.” Alinyoosha kidole barabarani. “Na alianguka akitazama mulango wake. Alikuwa anazileta huku, zile zilibakia nje shimo limekwisha kufungwa. Mwizi angetazama njia ya kutoka. Miye nilimubeba kwa mikono hii, niliona, na sikufikiri. Nilisema tu kwa batu nilichoona.”

“Lakini kwa nini hakutuambia anataka kufanya hivi?” Geneviève aliuliza, bila kumwelekea mtu yeyote.

“Waasi bangekupiga useme manjanja iko wapi,” Nadège alisema.

Wakarudi uani. Katekista Aaron aliuliza mara ya pili, taratibu: “Mwenye neno na marehemu?”

Katsuva alisimama tena. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi viwiko. “Neno langu limekwisha,” alisema. “Lilikuwa baya, nalimeza mbele yenu. Ile mbili isitoke kaburini. Ndugu yangu alilala chini ya kutu maisha yake yote. Abaki na manjanja mupya.” Kisha alikaa chini, na safari hii alikaa karibu na moto.

Walizima moto na maji ya bidoni moja. Maji yaliyobaki Geneviève alikwenda nayo nyuma, chini ya migomba, ambako Nadège alikuwa ameweka kile kipande cha pavema juu ya kaburi, akikisogeza hivi na hivi mpaka kikalala sawa. Mama aliosha vumbi la tindo. Maji yakajaa katika kiganja, yakajaa katika vidole. Katika kidole kidogo, penye ufa, yalianza kutoka polepole, yakaingia katika udongo.

“Unaona? Sasa maji inatoka,” Geneviève alisema.

“Ninaona,” Nadège alijibu.