Na Mwandishi Wetu

Fomu ya kuomba chuo ilibakiwa na mstari mmoja mtupu: chaguo la kwanza. Mengine yote binti alikwisha kuyajaza, na mwisho wa kuirudisha ulikuwa saa kumi alasiri ya siku hiyo. Mwalimu wake alimwambia asijisumbue, maji hufuata mkondo. Baba alikuwa mwanahabari, naye aandike uandishi wa habari. Tangu wamzike baba, wiki sita sasa, maneno ya mama yalikuwa ya kuhesabika.

Baba ndiye aliyembandika binti jina la Redio, kwa kuwa halikutokea jambo mtaani asilifikishe nyumbani likiwa bado la moto. "Redio, leo kuna nini?" huuliza huku akivua viatu. Akishasikiliza, humsahihisha kosa lilelile.

"Umesema mwenye duka alibainisha. Mwenye duka habainishi, mwanangu. Mtu husema. Sema alisema, yaishe. Usimvalishe mtu tai."

Asubuhi hiyo Redio alikwenda kwenye ofisi za gazeti alilokuwa akiliandikia baba. Alitaka kusoma habari moja tu iliyoandikwa na baba yake, ndipo aujaze ule mstari. Nyumbani hakikuwapo hata kipande. Baba alizoea kusema gazeti la jana kazi yake ni kufungia vitu.

Maktaba ya gazeti ilikuwa chini ya ngazi, chumba kisicho na dirisha, magazeti yamejalidiwa mwaka kwa mwaka. Mtunzaji wake, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, waliomzoea walimwita Mama Jalada.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe wa nani? Hiyo pua naijua."

Redio alipomtaja baba yake, Mama Jalada alivua miwani. "Pole, mwanangu. Alikuwa akija hapa kunichokoza. Ananiambia, mama, unalinda maiti." Akalijutia neno lenyewe papo hapo, akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Natafuta habari aliyoiandika. Yoyote, yenye jina lake."

"Jina lake? Mwanangu, hapa jina ni la walioajiriwa. Baba yako alikuwa wa kuleta habari na kuondoka. Miaka ishirini na miwili anaambiwa ajira ni mwezi ujao. Tazama mwenyewe."

Alimfunulia jalada. Moto sokoni, daraja lililozolewa na maji, mgomo wa walimu. Na chini ya kila kichwa cha habari, Na Mwandishi Wetu.

"Huyu Mwandishi Wetu walikuwa wangapi?"

"Tisa, kumi. Kuna mwaka hata dereva alikuwa Mwandishi Wetu."

Redio hakukata tamaa. Alijua atamtambua baba kwa neno moja. Alisoma mpaka saa nane, vidole vikawa vyeusi. Mkuu wa soko alibainisha. Mzazi wa mtoto aliyezama alifafanua. Hata mwizi aliyekamatwa na kuku wawili alisisitiza.

"Unatafuta nini hasa?" Mama Jalada aliuliza.

"Alisema."

"Ohoo! Hilo utalitafuta mpaka uote mvi. Mhariri aliliona neno la chekechea. Kila likija analikata. Waligombana hapo ngazini mpaka tukampa baba yako jina, Bwana Alisema. Akitia mguu mlangoni tu, watu wanaitana, 'Jamani, Alisema kaja!'"

Redio alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, na kicheko kikamkatikia njiani. Kumbe baba angeweza kuwamo katika kurasa zote zile, au asiwemo hata katika mmoja.

Kwa nia njema, Mama Jalada alimtolea gazeti la juzijuzi. Ukurasa wa ndani, kando ya tangazo la viwanja, palikuwa na habari ya kifo cha baba, urefu wa vidole vinne. *Mjane wa marehemu alibainisha kuwa mumewe alikuwa mtu wa watu.* Na Mwandishi Wetu.

Redio alikuwapo siku ile mwandishi alipokuja msibani. Mama hakubainisha chochote. Mama alisema, "Kaniacha," basi.

"Nikutolee nakala?"

"Hapana, mama. Asante."

Saa kumi kasorobo alikuwa dirishani kwa karani wa fomu.

"Binti, huu mstari mtupu. Jaza, nafunga."

Kalamu ilisimama hewani. Alimkumbuka muuguzi wa wodi aliyolazwa baba, mwenye kibao cha jina lake mwenyewe kifuani, na jinsi baba siku ya mwisho alivyokisoma kile kibao kwa sauti, herufi kwa herufi, kama anayekagua makosa. Akaandika: Uuguzi.

"Ndio wito wako?" karani aliuliza huku akigonga muhuri.

"Siyo."

Njiani, wanawake wawili walikuwa wakigombania ndoo bombani, matusi yamepangwa kwa ufundi, watu wamejaa. Redio alipita.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Alimtazama bintiye, akatazama vidole vyake vyeusi.

"Leo kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna," Redio alisema.