Gari Lisilotaka Kuugua

Wariara alitaka gari lake liugue. Si ugonjwa wa kulizika, la. Alitaka homa ndogo tu, taa moja ya njano iwake pale mbele ya usukani, apate sababu ya kuteremka Nakuru kabla ya Jumamosi. Na gari, kwa ukaidi ambao hakuwahi kuuona hata kwa ng'ombe wake, lilikataa katakata.

Lilikuwa gari la haibridi, lenye injini ndogo na betri kubwa chini ya kiti cha nyuma. Lilikuwa limekwenda zaidi ya kilomita laki nne na bado liliamka kila asubuhi kwenye baridi ya Molo bila hata kukohoa. Marehemu mumewe, Nderitu, alilinunua mwaka wake wa mwisho duniani kwa sababu alisikia halina njaa ya mafuta. Alipofariki, kila mtu alimshauri mjane auze. Mafundi wa pale Molo walikuwa wakifungua boneti, wakiona zile nyaya nene za rangi ya chungwa, kisha wakiifunga tena polepole kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba ana watoto, hawezi kufa na stima ya gari la mtu.

Ndivyo alivyofika kwa Dalmas. Siku hiyo Wariara alikuwa amejaza kiti cha nyuma magunia ya viazi mpaka kwenye vioo, anapeleka sokoni Nakuru, na kabla ya kufika mjini taa zote zikawaka kwa pamoja. Akaulizauliza, akaelekezwa mtaa wa Free Area, kwenye garaji moja ya mabati nyuma ya kinu cha unga. Akatoka mwanamume mrefu wa makamo, akafungua mlango wa nyuma, akayatazama magunia, kisha akamtazama mwenyewe.

"Mathe, hii gari inapumua hapa," alisema, akaonyesha tundu dogo la hewa ubavuni mwa kiti. "Hapa ndio kuna feni ya kupoza betri. Sasa wewe umeiziba pua na waru."

Wariara alikasirika kwanza, maana alikuwa mtu mzima, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, hakuzoea kukemewa na mtu mwenye grisi mpaka kwenye nyusi. Halafu akacheka. Alicheka hadi akashika mlango wa gari, na alipopangusa macho ndipo alipokumbuka kwamba hakuwa amecheka tangu amzike Nderitu.

Basi hapo ndipo mambo yalipoanzia, ikiwa kweli yalianza, maana kwa miaka yote iliyofuata hakuna neno lililosemwa. Dalmas alilitunza lile gari. Alisafisha feni na kutoa mavumbi na manyoya ya kuku. Alibadilisha maji ya kupoza mitambo ya umeme na oili ya gia ambayo wengine huapa kwamba haibadilishwi. Betri ilipoanza kuchoka aliifungua, akapima seli moja baada ya nyingine, akatoa zilizokufa na kuweka nzima. Wariara alikaa kando, kwenye kiti cha zamani cha gari kilichowekwa juu ya mawe, na kikombe cha chai mkononi. Walizungumza. Dalmas alimweleza kuhusu mkewe aliyezikwa nyumbani Butere, na jinsi nyumba inavyokuwa kubwa mtu akibaki peke yake. Wariara alimweleza kuhusu kuku wake, mvua, na binti yake Natalie aliyekuwa akisoma Nairobi, kisha akahitimu, kisha akapata kazi. Yeye alimwita Fundi, na Dalmas alimwita Mama Natalie, na heshima ikakaa katikati yao imenyooka kama mtu aliyealikwa.

Kisha jioni ingekaribia, na Wariara angeshika njia ya kupanda. Angepita Salgaa, angepita Sachangwan, baridi ikianza kuingia kwenye vioo, na kabla hajafika nyumbani angekuwa tayari amemkumbuka. Tusizunguke mbuyu. Alimpenda. Alimpenda na hakuwa na pa kulipeleka pendo hilo, kwa hiyo alilipeleka sevisi.

Alizoea kulipeleka gari mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Kuna sauti," angesema.

"Sauti gani?"

"Kama ya panya hivi. Huku nyuma."

Na Dalmas angeinamisha kichwa, asikilize kwa makini, kisha afungue gurudumu, na lingine, mpaka alasiri yote iishe. Asipate panya.

Sasa Natalie, ambaye ni mtoto mwema na hana ila, akapiga simu mwanzoni mwa wiki akipiga vigelegele. Alikuwa amemnunulia mama yake gari jipya. Lingeletwa Jumamosi, na huyohuyo atakayelileta angeondoka na lile kuukuu, maana mnunuzi alishapatikana.

"Mum, hiyo gari imechoka, please," alisema. "Hii mpya hutahitaji fundi miaka mingi sana. Utasahau hata garaji inakaa aje."

Wariara alimshukuru. Alimwombea baraka palepale kwenye simu, kazi yake na uzao wake. Kisha akaingia stoo, akakaa juu ya gunia la chakula cha kuku, akalia kama msichana.

Mtu atauliza, kwa nini asiende tu? Nakuru si ng'ambo ya bahari. Lakini mwenye kuuliza hivyo hajawahi kuwa mjane Molo, tena mwenyekiti wa akina mama kanisani. Mjane haondoki nyumbani kwenda kumtazama mwanamume. Mjane huenda garaji. Bila gari bovu, Wariara hakuwa na mdomo wa kuanzia.

Kwa hiyo Alhamisi alifunga duka mapema, akabeba gunia la viazi, akaliegemeza barabara kwenye lile tundu la hewa. Hakuridhika. Akachukua sweta nene la sufu, akalisokomeza kwenye upenyo uliobaki. Kisha akaingia barabara kuu, akaanza kupanda na kuteremka kilima cha Sachangwan. Aliposhuka alikanyaga breki muda wote, maana Dalmas alimfundisha kwamba gari hili likishikwa breki hurudisha umeme kwenye betri, na betri ikijaa haraka hupata joto. Alishuka, akageuza, akapanda kwa nguvu, akageuza, akashuka tena.

Jirani yake Cherop, ambaye shamba lake limepakana na la Wariara na ambaye huuza karoti pale kando ya barabara, alimwona akipita. Akamwona tena. Safari iliyofuata alisimama katikati ya karoti zake na kumpungia mikono asimame. Cherop ni mtu ambaye akimwona mgeni langoni mwako, atamhoji kabla wewe hujavaa viatu.

"Mama Natalie, umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu. Najaribu gari."

"Iko na shida?"

"Haina," alisema Wariara, na sauti ikamtoka kwa uchungu mwingi kiasi kwamba Cherop alishusha mikono akamwachia njia.

Na kweli halikuwa na shida. Alama za betri zilijaa, zikawa kijani, zikakaa hapo zimetulia. Hakuna taa. Hakuna mlio. Dalmas alikuwa amelitengeneza vizuri mno, na Wariara, akiwa peke yake ndani ya gari, alimkasirikia kwa hilo. Alipiga usukani kofi. Halafu akaona haya. Gari hili lilimbeba kwenye mazishi na kwenye mahafali, halikumwacha njiani ila ile siku alipoliziba pua mwenyewe, na leo anazunguka nalo mlimani akilitafutia kifo. Akafungua vioo vyote liingize hewa, akalielekeza Nakuru bila sababu yoyote mkononi.

Dalmas alitoka chini ya pikapu ya mtu akijifuta mikono.

"Karibu, Mama Natalie. Leo iko na nini?"

"Kuna sauti."

"Kama ya panya?"

"Eeh."

Akachomeka mashine yake ya kupima, akasubiri, akasoma. Haikuonyesha chochote. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, na hapo Wariara akakumbuka. Alikuwa amesahau kabisa kuondoa. Gunia lilikuwa palepale, limeegemea tundu, na mkono wa sweta ukining'inia nje kama ulimi.

Dalmas alilitazama gunia, kisha sweta. Huyu ndiye mtu aliyemfundisha Wariara tundu hilo ni la nini, na tangu siku ile Wariara hakuwahi kuliziba hata kwa gazeti. Dalmas akavuta sweta polepole, akalikung'uta vumbi, akalikunja, akampa. Kisha akaliteremsha gunia chini. Hakucheka, na afadhali angecheka.

"Natalie amenunua gari ingine," Wariara alisema, akiliongelesha sweta. "Hii wanakuja kuichukua Jumamosi."

"Jumamosi hii?"

"Hii."

Dalmas alikaa kwenye kile kiti cha juu ya mawe, kiti ambacho siku zote kilikuwa cha Wariara.

"Gari haina shida, Fundi," alisema Wariara. Alipiga moyo konde akayasema yote kwa mkupuo mmoja. "Haina sauti. Hata ile siku ya mwisho haikuwa na sauti."

"Najua."

"Unajua?"

"Hata siku ile ingine. Hiyo gari haijakuwa na sauti miaka mingi."

"Na mbona ulikuwa unafungua magurudumu yote?"

Dalmas alitazama mikono yake. "Kama singefungua, ungeenda."

Kinu cha unga kilinguruma kule mbele. Wariara alisimama na sweta lake kifuani, na furaha iliyompanda ilikuwa na uchungu ndani yake, maana aliiona ile miaka yote, alasiri baada ya alasiri, watu wawili wazima wakitafuta panya asiyekuwepo.

"Molo si mbali," alisema mwishowe.

"Si mbali. Lakini nikuje Molo niambie watu nimekuja kufanya nini? Gari mpya haitaki fundi."

Majibu yalimjaa mdomoni. Lakini mwenye pikapu alikuwa amefika, anapiga honi, anataka kujua gari lake litatoka lini, na Wariara, kwa woga tu, woga mtupu, akasema, "Hiyo sijui. Utajua wewe." Akaingia garini, akawasha, akaondoka. Njia nzima ya kupanda alijitukana kwa Kikuyu na kwa Kiswahili.

Jumamosi gari jipya lilikuja, jekundu, linanukia plastiki. Natalie alikuwa kwenye simu ya video akishangilia. Wariara alilizunguka, akabonyeza alichoambiwa abonyeze, akatabasamu ipasavyo. Alitaka kulisindikiza lile kuukuu mpaka langoni, lakini haibridi huondoka kwa betri kwanza, bila mngurumo. Aliinua kichwa kutoka kwenye simu, na mahali lilipokuwa palikuwa na nyasi zilizolala.

Jumapili hiyo Dalmas hakuja. Wiki nzima kila gari lililopunguza mwendo pale nje lilimnyanyua kitini, na kila moja likapita. Gari jipya halikutaka chochote. Usiku alipanga maneno ambayo angalimwambia, mazuri, mafupi, na asubuhi akayapeleka dukani na kuuza nayo mbegu za kabichi. Jumapili iliyofuata pia hakuja. Alijiambia kwamba Dalmas ana haki; mtu aliuliza swali la maana, akajibiwa kama mpita njia. Akaacha kutazama lango.

Jumapili ya tatu alikuwa nyuma ya nyumba, ametoka kanisani, anamenya viazi vya mchana, aliposikia sauti ya Cherop ikivuka ua.

"Wewe si ni yule fundi wa Free Area, yule nilimwona siku Mama Natalie alinibeba Nakuru? Umechelewa, hiyo gari walishachukua. Ama hii mpya imeharibika tayari?"

"Hapana. Haijaharibika."

Wariara alisimama. Akazunguka pembe ya nyumba, kisu kingali mkononi. Dalmas alikuwa nje ya lango, amevaa koti ambalo Wariara hakuwahi kuliona. Hakuwa na sanduku la vifaa wala spana mfukoni. Mikono yake ilikuwa imesuguliwa mpaka ikapauka, ingawa kucha zilikuwa bado nyeusi. Huko ng'ambo ya barabara akina mama wa kanisa walikuwa wakipita kwa makundi, na wawili watatu walikuwa wameanza kupunguza mwendo.

"Sasa kama haijaharibika," Cherop aliuliza, "umekuja kuangalia nini?"

Dalmas alimwona Wariara. Akavua kofia.

"Nimekuja kumwona yeye," alisema, kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara.