Mukwa Niliofunga Mwenyewe

Kalekye alikuja nyumbani Alhamisi kwa likizo fupi, akafungua sanduku lake juu ya kitanda changu, nami nikashangaa. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, wiki saba shuleni, na soksi zake nyeupe kama zimetoka dukani jana. Hata kola za mashati hazikuwa na ule mstari wa kahawia ambao mimi huusugua mpaka vidole viume. Nikamsifu, jamani. Nikamwambia mikono yake imepona uvivu.

Akacheka, akajisogeza karibu nami. "Susu, kwata ndai."

Huo ni mchezo wetu tangu aanze kusema. Susu ndiye mimi, bibi yake, na kwetu Ukambani kitendawili hufunguliwa hivyo.

"Nakwata," nikamjibu.

"Niko na mashine ya kufua. Haitumii stima, haitumii mafuta, na ukiipiga teke inafua haraka."

Nikafikiri. Nikasema ni mto Athi. "Aa-a." Nikasema ni mikono yangu miwili. "Aa-a, Susu, mikono inapigwa teke?" Nikasema punda. Akaanguka kitandani kwa kicheko. Ilibidi nimpe mji, Masinga yote, pamoja na bwawa lake na samaki wake, ndipo akakubali kunifungulia.

"Ni Wakiuru."

"Wakiuru ni nani?"

"Mtoto wangu. Bwenini kila msichana wa Gredi Six ako na mtoto wake wa Gredi Three. Wangu ni Wakiuru. Ananitandikia, ananichotea maji, anafua soksi, anafua sketi, anafua chupi."

"Chupi zako?"

"Sasa za nani, Susu?"

Wakati huo nilikuwa nimeshika moja mkononi. Ilinukia sabuni tu, haikuwa na kosa lolote. Lakini mate yalinijaa kinywani, yale mate membamba yanayotangulia kutapika. Nikairudisha sandukuni, nikaenda nje kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Sikulala vizuri, na mchana wa Ijumaa nikapika muthokoi, kwa kuwa Maundu mwanangu, baba ya Kalekye, alikuwa anakuja kula. Yeye huuza mbao Wamunyu kwa wachonga vinyago, na mke wake yuko kazini Mombasa, kwa hiyo mambo ya mtoto tunayaamua mimi na yeye. Alipoketi tu nikamwambia habari ya Wakiuru.

Maundu hakuweka chini hata kijiko. "Mama, hiyo ndiyo bodingi. Mtoto anajifunza uongozi."

"Kwa chupi?"

"Na wewe si ulikuwa kiranja wa bweni? Umetuambia mara ngapi? Ukikohoa tu, wasichana arobaini wananyamaza!"

Ni kweli nilikuwa nimewaambia. Watoto wanne niliwalea kwa hadithi hiyo. Kitambaa chekundu begani, kengele mkononi, wasichana wamepanga mstari. Maundu alipotafuta shule ya Kalekye huko upande wa Matuu, hakuuliza mwalimu wala padri. Aliniuliza mimi, nami nikasema mpeleke, mimi bodingi ilinifanya mtu.

Kalekye alipoona baba yake yuko upande wake, akachangamka.

"Susu, na yeye ni mjinga, utacheka! Jumapili alichelewa kufua. Tukamwambia, kama hutaki kufua soksi basi utazionja. Akakunywa yale maji ya soksi."

Nikauliza, "Akakunywa?"

"Kifuniko cha chupa tu! Kifuniko kimoja. Halafu akatoa povu kwa mapua, Susu, hivi!" Akapuliza pua kuonyesha. "Sisi wote tukacheka. Hata yeye akacheka."

Maundu aliacha kutafuna. Mimi nilitazama sahani yangu. Mahindi yale meupe niliyoyatwanga mwenyewe, maharagwe, mchuzi wake juu na povu kidogo la mafuta, nikajua kwamba nikiweka punje moja mdomoni itarudi.

Jambo lililonichukiza zaidi ni lile neno la mwisho. *Hata yeye akacheka.* Nilikuwa nakijua kicheko hicho. Nilikuwa nimekisikia mahali fulani, miaka hamsini na zaidi iliyopita.

"Kalekye," nikasema, "kwata ndai."

"Nakwata!"

"Mama mnene amekaa pembeni mwa nyumba. Gizani wanawe arobaini wanamtembelea. Asubuhi hakuna hata mmoja anayetaka kumbeba."

Akabahatisha chungu, akabahatisha ghala, akabahatisha ng'ombe. Baba yake naye akabahatisha kuku. Nikawaambia ni debe.

Basi nikawaambia yale ambayo sikuwahi kumwambia hata marehemu mume wangu.

Shule yetu ilikuwa ya misheni. Jina lake liacheni lilale. Tulikuwa tunafungiwa bwenini jua likitua, kufuli kwa nje, na pembeni mwa mlango kuliwekwa debe la bati lenye mfuniko uliokunjika. Wasichana arobaini, debe moja. Maharagwe tuliyokula yalikuwa na wadudu weusi wanaoelea juu, tuliwaita nyama, na maharagwe ya namna hiyo hayakai tumboni kwa amani. Mkifika alfajiri, debe limejaa mpaka mdomoni. Harufu yake ilikuwa inaingia kwenye blanketi, kwenye nywele, kwenye mkate. Mpaka leo siwezi kula mkate uliokaa katika chumba kilichofungwa.

Zamu ilikuwa ya wasichana wawili. Mnapitisha mti kwenye vishikio, mmoja mbele, mmoja nyuma, mnateremka nalo hadi shimoni. Siku ya zamu yangu ya kwanza, mwenzangu alikuwa mgonjwa. Matroni, mama mmoja aliyetoka mbali na kwetu, akasema kengele ikilia na debe bado liko ndani, bweni zima halitakula. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nikafanya jambo ambalo msichana yeyote wa Ukambani angefanya. Nikalifunga kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi, nikaupitisha utosini, nikainama na kulipandisha mgongoni kama ninavyobeba maji ya mto. Hata majani nilitia juu yaliyomo yasiruke, kama mama alivyonifundisha.

"Susu, wacha," Kalekye akasema. Alikuwa ameshaelewa.

Sikuacha. Nikawaambia kwamba maji ukibeba hivyo, yakiruka yanakupoza shingo. Hili debe liliruka. Njia ilikuwa ya mteremko, mfuniko ukateleza na majani yake, na yote, ya wasichana arobaini, yakanimwagikia kisogoni, yakaingia ndani ya nguo, yakateremka mgongoni mpaka kwenye miguu. Yalikuwa na uvuguvugu. Hilo ndilo sijasahau, ule uvuguvugu.

Siku ya kuoga ilikuwa Jumamosi. Hiyo ilikuwa Jumanne. Matroni alinipa kata moja ya maji na kunituma darasani.

"Pole, Mama," Maundu akasema kwa sauti ndogo. "Hukuwahi kutuambia."

"Usinipe pole bado."

Kwa maana watu wote wangenionea huruma kama hadithi ingeishia hapo. Mwaka wa tatu nilipewa kitambaa chekundu. Akaletwa msichana mmoja mdogo, Kamene, mwembamba, anayelia ovyo, na kilio chake kilikuwa kinaniudhi sijui kwa nini. Siku ya zamu yake nilimwambia mwenzake arudi alale. Nikamwambia Kamene, kwani nyumbani kwenu hamna mukwa? Mimi mwenyewe nikaufunga. Nikamwinamisha kichwa kwa mkono huu, nikamwekea mfuniko juu juu, bila kuubana. Nilijua. Kisha nikakimbia mbele, nikawaita wengine waje wasimame kando ya njia watazame.

Likamwagika kama nilivyotaka. Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Na Kamene, akiwa amesimama pale na uchafu wetu ukimtoka kwenye nyusi, alitutazama mmoja mmoja, kisha akacheka na yeye. Kidogo. Kama mtu anayeomba kuingia.

Nzi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa sahani ya Maundu, naye hakumfukuza.

"Nilikutana naye Wamunyu siku ya soko," nikaendelea, "nikiwa tayari na nyinyi wanne. Akanijua. Akanisalimia kwa mkono, vizuri, akauliza habari za nyumbani. Halafu nilipokuwa napiga hatua niliona anaupangusa ule mkono kwa leso yake. Kidole kwa kidole."

Kalekye alikuwa amejisukuma nyuma mpaka kiti chake kikagusa ukuta. Uso wake sikuutambua. Mtoto huyu alilala mgongoni kwangu, alijisaidia mapajani pangu nikamwosha nikiimba, na sasa alikuwa ananitazama jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga.

"Wewe ni mchafu," akasema.

"Kalekye!" Maundu akagonga meza.

"Mwache," nikamwambia. "Amesema kweli. Nilitaka tu aone mchafu akizeeka anakaa vipi."

Akatoka nje mbio. Tukamsikia nyuma ya tangi akitapika muthokoi wangu wote.

Ndipo nikamwambia Maundu neno langu. Jumapili tutampeleka wote wawili, na Kalekye atasema aliyoyafanya, kwa mdomo wake, mbele ya mwalimu mkuu na mbele ya mzazi wa yule mtoto. Maundu akashika kichwa.

"Mama, watamfukuza! Shule ile haina mchezo. Na yuko Gredi Six, ni mwaka wa mtihani."

"Wakimfukuza atarudi kwangu. Kuna shule hapa chini ya kilima, na kitanda changu ni kipana."

"Kwa ajili ya kifuniko cha maji ya sabuni?"

"Maundu, mimi nilianza na kidogo kuliko hicho."

Hakukubali. Jumamosi yote alizunguka akipima mbao ambazo zilikuwa zimeshapimwa. Kalekye hakunikaribia. Alifungua sanduku, akatoa soksi zote zile zilizokuwa safi, akazifua upya pale kwenye tangi, mgongo wake umenielekea, akazisugua mpaka nikafikiri zitatoboka. Nilimwambia sabuni nyingine iko dirishani. Akaenda kuichukua bila kunitazama. Nilitamani kumwita, nimtegee ndai moja tu, tucheke, tusahau. Wallahi nilitamani, mimi mkristo. Nikauma mdomo.

Jumapili tulifika langoni mchana. Wazazi walikuwa wengi, wanawapa watoto maembe na mandazi ya mwisho. Maundu alikuwa bado hajasema atafanya nini, ila alikuwa amekuja na koti lake la kanisani, na mtu havai koti hilo kumwacha mtoto langoni tu.

Mtoto mmoja mdogo akachomoka kwenye mkono wa mama yake, akatujia mbio. Soksi zake mwenyewe zilikuwa za kijivu na zimeteremka hadi kwenye viatu. Nikajua ni nani kabla hajafika. Akaunyakua mshikio wa sanduku la Kalekye kwa mikono miwili, na kuanza kulivuta mchangani.

"Wacha, Wakiuru," Kalekye akasema. "Nitabeba mimi."

Nilidhani mtoto atafurahi. Wakiuru aliachilia mshikio kama umemchoma. Akarudi nyuma hatua moja. Akamtazama Kalekye, akanitazama mimi, akamtazama Maundu.

"Nimekosa nini?" akauliza. "Nilifua zote. Nilifua hata zile za bluu. Nimekosa nini?"

Kisha akacheka. Kidogo.

Maundu aliweka mkono begani mwa Kalekye na kusema, "Twende ofisini, basi. Tutaenda sote." Lakini yeye aliuondoa ule mkono. Hakwenda ofisini. Alimpita Wakiuru, akampita baba yake, akaenda moja kwa moja kwa yule mama aliyekuwa bado ameshika mfuko wa maembe na kutabasamu, akidhani mwanawe ana rafiki mkubwa.

"Shikamoo," Kalekye akamwambia. Sauti ilikatika, akaianza tena. "Mimi ndiye Kalekye. Nataka kukuambia kitu nilichomfanyia Wakiuru, na usinishike mkono kwanza."