Udongo wa Kwa Averbeck

Kwetu Westfalia shamba ndilo lenye jina, sisi watu tunapita tu. Tangu enzi za mababu, mwanamume akioa mrithi wa shamba, jina la baba yake huliacha mlangoni pamoja na viatu vya matope, akachukua la shamba. Mimi Ewald nililiacha kwa hiari yangu, nikaoa kwa Averbeck, na sikujuta. Au nilidhani sijuti.

Akaja Delbert Averbeck kutoka Marekani kutafuta mizizi yake, mzee wa miaka themanini, anaongea kilugha chetu alichofundishwa na bibi yake. Ufunguo wa kabati la vitabu vya kanisa ninao mimi, na mimi ndiye niliyemwambia aje, yeye ni damu ya shamba letu. Nilikuwa nimeangalia ubatizo tu. Ndoa sikuziangalia, uvivu huo. Nilikuja kuziangalia asubuhi hiyo, mgeni keshafika, anakunywa kahawa kwetu.

Johann, babu wa babu yake, naye aliingia shambani kwa ndoa. Mkewe, mrithi, akafa bila mtoto, Johann akaoa mtumishi wa jikoni, na watoto wao wakavuka bahari na jina la Averbeck bila tone la damu ya Averbeck. Jina alilozaliwa nalo Johann, mchungaji aliliandika pembeni: Kamphus.

Kamphus ni sisi. Ndilo jina nililolivua. Nikafunga kitabu, nikarudi nyumbani, nikajikausha.

Mezani palikuwa na keki ya plamu, na baba mkwe wangu Hinrich alikuwa amemshika Delbert bega.

"Ona pua hii, binamu. Pua ya Averbeck haipotei hata uitupe baharini."

"Na Ewald je, anayo?" Delbert akauliza.

"Huyu? Huyu tumemwokota. Ni wa Kamphus, wale wa mbuzi mmoja. Mbuzi akiugua, ukoo mzima unalala njaa."

Delbert akacheka mpaka machozi. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote, na hicho ndicho kinachonichoma hadi leo.

Baadaye akatoka uani na kikopo, akapiga magoti kwa shida, akaanza kuchota udongo wa kwenda kuweka kwenye kaburi la mkewe. Alikuwa akimnong'oneza marehemu kwamba amefika. Roho iliniuma. Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa nimekataa kwetu, sasa namnyima na mzee wa watu kwao.

"Mwaga, mzee," nikamwambia. "Hapa si kwenu."

Nikamweleza yote, baba mkwe akisikia kutoka mlangoni.

"Kwa hiyo niliwacheka watu wangu," Delbert akasema.

"Tuliwacheka."

Akamwaga. Nikamtia garini tukaenda nyuma ya kilima, njia ambayo sikuwa nimeipita tangu Pasaka, ingawa ni karibu hata kwa miguu. Mama yangu, Thekla, alikuwa kizingitini anamenya viazi.

"Mama, nimekuletea mgeni. Ni Kamphus, wa Johann aliyeoa kwa Averbeck zamani."

Mama akafuta mikono kwenye aproni, akamtazama Delbert, akamkumbatia bila kuuliza zaidi. "Karibu kwenu, shemeji. Viazi vipo."

Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa bado nimesimama langoni.

"Na huyu uliyekuja naye," akamuuliza Delbert, "ni wa nani?"