Shikamoo ya Mwisho

Katika mahakama ile ya ugenini, mkuu wa zamani wa usalama aliketi na jina jipya na nywele za kupaka rangi. Wakili wake alishikilia kwamba mteja wake si yule mtesaji, na Kiswahili hakijui hata cha kuombea maji. Uongo mkavu!

Fundi cherehani akapanda kizimbani kutoa ushahidi. Mtu yule ndiye aliyemvunja vidole, na kabla ya kila kipigo alimlazimisha kumwamkia kwa adabu. Akamkazia macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee akaitikia, mkalimani hata hajafungua kinywa.

Wakili akashika kichwa. Mkalimani akawaeleza majaji maana ya neno lile, huku akijikaza asicheke.

Jioni fundi alimpigia dada yake simu, akamsimulia yote.

"Yaani umemwamkia lile lijitu?" dada akafoka.

"Tena kwa heshima zote, dada'angu," fundi akasema, akicheka mpaka machozi. "Siku zote shikamoo ile iliniuma mimi. Leo imemuuma yeye."