Injini ya Jumamosi

Gari la Germaine lilikuwa na tabia ya kujifikiria kabla ya kuondoka. Ukikanyaga mafuta linanyamaza, linatetemeka kidogo, halafu ndipo linakubali kwenda, na wakati huo dereva aliye nyuma ameshaegemea honi kwa mwili mzima. Kwenye dashibodi taa ndogo ya injini, ya rangi ya machungwa, iliwaka kutwa. Mafundi wawili walikuwa wameshalishika. Wa kwanza alibadilisha bugi, zile plagi za kuwashia moto, akaondoka na furaha yake. Wa pili alilaumu petroli ya vidumu vya barabarani, kisha akabandika kipande cha plasta juu ya taa na kusema kuwa sasa haitamsumbua tena. Germaine aliibandua plasta, wala fundi huyo hakumrudia.

Lakini tusimlaumu fundi peke yake. Kuna sehemu ya moyo wa mama huyu ambayo haikutaka gari lipone.

Lilikuwa gari la mumewe, Adalbert. Kwa miaka mingi aliliendesha kwenda na kurudi Kasumbalesa, alikokuwa akishughulikia karatasi za mizigo ya watu pale mpakani, na barabara ile aliijua shimo kwa shimo. Kila walipotoka pamoja, Germaine alipiga ishara ya msalaba na kusali Salamu Maria nzima, bila kuruka neno, kama alivyofundishwa na mama yake. Adalbert hakuwa mtu wa sala za ndani ya gari. Alisema yeye anategemea breki. Alikaa pale, injini ikiunguruma, akimtania mkewe kwamba Maria alishasikia tangu mwanzo, na kwamba hata malaika wana shughuli nyingine. Lakini hakuna siku aliyoliondoa gari kabla ya Amina. Sasa gari lilipositasita chini ya mguu wake, Germaine alijua kabisa kwamba ni upuuzi, na bado alijiambia kwamba linamngojea amalize sala, kama lilivyozoeshwa.

Mwaka jana, mvua zikianza, kiharusi kilimwangusha Adalbert upande wa kulia. Kilichukua mkono, kikachukua mguu, kikachukua na maneno, yakabaki machache tu. Gari likakaa uani. Shemeji walimshauri Germaine aliuze, majirani wakaulizia bei, na Germaine aliwafukuza wote kwa chai na tabasamu. Kila Jumamosi alimtoa mumewe barazani, akamkalisha akitazama gari, kisha akaliwasha na kuliacha lingurume huku yeye akifua. Alitaka Adalbert asikie kwamba kitu chake kiko hai, kinamsubiri. "Baba Syntiche, inakungojea," alimwambia kila mara, akimwita kwa jina la mtoto wao, na Adalbert aligeuza uso. Germaine alidhani ni machozi ya furaha, maana wagonjwa wa namna ile hulia upesi.

Kilichomlazimisha kushika usukani mwenyewe ni neno moja. Miongoni mwa yale machache yaliyobaki mdomoni mwa Adalbert lilikuwamo Sakania. Huko ndiko alikozaliwa, baba yake akiwa mtu wa reli, na huko bado aliishi dada yake mkubwa, Katongo, aliyezeeka kiasi cha kushindwa kusafiri. Adalbert alilisema asubuhi, akalisema kwenye chakula, akalisema usingizini. Germaine alijizoeza kwanza kwenye barabara za mjini, akapita kwa wale mafundi wawili, na Jumapili iliyopita alimpakia mumewe, wakaenda. Hawakufika hata Kasumbalesa. Alitoka kulipita lori la madini, akakanyaga mafuta, na gari likaanza kujifikiria katikati ya barabara, lori jingine likija mbele yao. Namna walivyorudi upande wao hakuijua. Alisimamisha gari pembeni, akageuka kuelekea nyumbani, na njia nzima Adalbert alikuwa akilia kimyakimya.

Ndiyo maana Jumatatu walikuwa mtaani Naviundu, katika gereji ya Osée, fundi aliyesifiwa kwamba haanzi kufungua kabla ya kuuliza. Baridi ya Juni ilikuwa haijaachia uwanja. Germaine alimketisha mumewe kwenye kiti cha plastiki palipokuwa na jua, akamfunika kitenge magotini. Osée alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma, akawasha na kuzima, akauliza gari linakataa wakati gani na limekaa wapi miezi yote hiyo. Kifaa kilikuwa kinalalamika juu ya hewa. Akafungua bomba kubwa la hewa na kumwita Germaine aone. Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha duara, kile wanachokiita papillon, kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Kilikuwa cheusi ti kwa masizi.

"Mama, hii motokari mulikuwa munaiwashaka bila kutembea?" aliuliza.

Germaine alimweleza habari ya Jumamosi, kwa fahari kidogo, maana alitegemea sifa.

"Njo ile," alisema Osée. "Moteur ikinguruma fasi moja tu, masizi inajaa. Iko muzima, mama. Inachoka na kukaa."

Germaine alitazama ule weusi na kuona aibu. Basi ndiye yeye aliyelikaba, kwa sabuni mkononi na moyo mweupe. Fundi hakumcheka. Alipuliza dawa, akasugua kwa kitambaa mpaka kibao kikang'aa, kisha akachukua spana na kusogea kwenye betri.

"Sasa nitatosha batterie kidogo, nifungue waya yake. Calculateur, ile akili ya motokari, ilizoea ile uchafu, na ilizoea muguu ya baba pia. Lazima isahabu yote. Kisha mama utatembeza pole pole, itajifunza muguu yako."

Germaine alimshika mkono wenye spana. Mwenyewe alishangaa jinsi alivyomshika kwa nguvu.

"Hapana, papa Osée. Usafi inatosha. Ile ingine uache."

Osée alimweleza kwa upole kwamba gari litaendelea kukwama, na kwamba kwenye barabara ya malori kukwama si mchezo. Germaine alisikia kila neno. Alichokuwa akikifikiria ni kitu kingine. Katika nyumba yao hapakuwa tena na mahali mguu wa Adalbert ulipobaki mzima. Kitandani ulikuwa mzigo wa kugeuzwa, bafuni ulikuwa mzigo wa kuinuliwa. Humu tu, ndani ya akili ya gari hili kuukuu, ulikuwa bado unakanyaga na kungoja. Akiruhusu ufutwe, atakuwa amesema kwa mkono wake mwenyewe kwamba mtu huyu hataendesha tena. Alimtamani mume aliyekuwa naye zamani huku amemketisha juani hatua chache kutoka hapo, na tamaa hiyo ilimchoma. Akamwinamia fundi na kunong'ona kwamba baba akipona atalikuta gari lake limemsahau, na hilo litamvunja moyo.

"Germaine."

Wote wawili waligeuka. Adalbert hakuwa amelitamka jina hilo tangu mvua zilizopita. Alikuwa ameuegemeza mwili wake upande wa kushoto, kitenge kimeanguka, na mdomo ulikuwa ukitafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani. Walimngoja. Osée alizima hata redio yake.

"Samedi," alisema Adalbert. Akapumzika. "Kila Samedi... inaniumaka."

Germaine alipiga magoti mbele ya kiti. Akakumbuka ule uso uliogeuzwa, Jumamosi baada ya Jumamosi, na yeye akiimba huku anafua. Alikuwa amemkalisha mbele ya gari asiloweza kuliendesha na kumwambia kwamba linamngojea.

"Unisamehe," alisema. "Mi nilizania unafurahi."

Adalbert aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaelekeza kidole kwenye betri.

"Tosha," alisema, akitaka waya ufunguliwe. Kisha akasema lile lake la siku zote. "Sakania."

Germaine alifuta uso kwa ncha ya kitenge na kumpa fundi ishara ya kichwa. Hakuangalia waya ukifunguliwa. Alibaki pale chini ameushika mguu wa kulia wa mumewe, ule usiosikia kitu, na aliulilia kwa mara ya kwanza bila kujificha.

Osée alipomaliza, saa ya dashibodi ilikuwa imerudi sifuri na redio haikukumbuka stesheni hata moja. Taa ya machungwa ilikuwa imezimika. Alisaidia kumpakia Adalbert kiti cha kushoto, akarudia kwamba mama aende taratibu siku za kwanza, kisha akaufungua mlango wa bati wa uwanja. Germaine aliwasha. Injini ilijibu mara moja, kwa sauti nyepesi ya kigeni, na mguu wake ulipogusa mafuta kidogo tu gari likaruka mbele. Akakanyaga breki kwa hofu. Macho yake yalikuwa barabarani kwenye malori, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alikuwa amesahau sala.

Pembeni yake kitu kikasogea. Mkono wa kushoto wa Adalbert ulikuwa unapanda polepole hadi kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, ukatafuta bega moja, ukapotea, ukalipata la pili.

"Salamu," alisema. "Salamu... Maria."

Nyuma yao mwenye gari lingine alipiga honi apishwe njia. Germaine alitaka kumtania mumewe kwamba Maria alishasikia tangu mwanzo, akauacha utani huo. Akaushikilia mguu wake kwenye breki, akangoja Amina.