Wiki Nzima Ndani ya Upindo

Mtaani walimwita Mama Upindo, kwa kuwa nguo aliyoipinda yeye ilichakaa kote, upindo ukabaki.

Kwa miaka kumi na saba alimeza vidonge vitatu asubuhi na vitatu jioni, na kila mwezi alifunga cherehani kutwa nzima kwenda kliniki kuvichukua. Kwenye chupa yake alijaza mabaki ya vitambaa, vidonge visije vikalia mkobani kama njuga.

Sasa bintiye wa pekee, aliyeolewa mwendo wa siku mbili, alikaribia kujifungua, na alimwomba akakae naye miezi mitatu. Bahati nzuri kliniki ilianza kuwapa watu kidonge kimoja tu kwa siku, cha miezi sita kwa mpigo. Masharti yalikuwa mawili: damu isionyeshe virusi, na vidonge vilivyobaki vilingane na siku zilizobaki. Zamani hakuna aliyevihesabu.

Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani, akavihesabu mara mbili.

"Mama, vinapungua arobaini na viwili. Unamgawia nani?"

Mama Upindo akasema hamgawii mtu. Muuguzi akamweleza kwa upole kwamba wapo wanaowagawia waume zao au dada zao kwa huruma, na huruma hiyo huwaponza wote wawili. Bila hesabu kukamilika, ataendelea na dawa za zamani, na aje kila mwezi.

Kila mwezi! Na mjukuu je?

Mama Upindo akavua koti lake la kazini. Uso ukimwaka kwa aibu, akatoa mkasi mdogo, akafumua upindo. Vikaanguka mezani vifuko saba vya nailoni, kila kimoja na vidonge sita.

Ndipo akaeleza. Miaka mingi nyuma alikwenda msibani kwa siku moja, mvua ikakata barabara, akakwama wiki nzima bila dawa. Tangu siku hiyo hatoki bila wiki yake, na kila mwezi hutoa vya zamani akavimeza, akatia vipya.

Muuguzi akavua miwani, akacheka hadi akajifuta machozi. "Sisi tunahubiri watu wasisahau dawa, kumbe mwenzetu amezivaa."

Akafungua karatasi ya maabara, akaisoma polepole, kisha akamgeuzia aione mwenyewe: virusi havikuonekana.

Mama Upindo akakishika kidonge kipya kiganjani, akakigeuzageuza. "Hiki ndicho cha siku nzima, sista?"

"Asubuhi yake na jioni yake."

Kwenye benchi la nje, juani, alitunga uzi kwenye sindano. Wiki mpya ilikuwa vidonge saba tu, katika kifuko kimoja alichopewa na muuguzi. Akaushona upindo, akaupapasa. Haukuvimba hata kidogo.

Kisha akampigia bintiye. "Tandika kitanda, mwanangu. Bibi anakuja, na wala haondoki kesho."